Kipimo cha Siku ya Mvua

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijaingia shule, na dada alikuwa ameshaolewa huko Kibirichia, mlimani. Shemeji hakunung'unika nilipofika na mfuko wangu wa nguo. Alisema tu mtoto mmoja zaidi hawezi kumaliza waru za shamba zima. Basi nikakulia kwao. Nilijifunza kupanda hivyo viazi tunavyoviita waru nikiufuata mgongo wa dada, yeye akifungua mtaro kwa jembe, mimi nikidondosha mbegu, na baridi ya mlimani ikituuma vidole sote wawili.

Nilisomea mambo ya mazingira katika chuo kimoja Embu. Nilipomaliza, katiba mpya ilikuwa imeshaleta serikali za kaunti, na kaunti zilikuwa zinaandika watu. Nikapata kazi Meru mjini. Nilipomweleza dada kwamba sehemu ya kazi yangu ni kuangalia uchafuzi wa hewa, alicheka mpaka akaketi.

"Hewa? Unalipwa mshahara kwa kuangalia hewa?"

"Hewa chafu, dada."

"Basi huku kwetu usije kutafuta kazi. Hewa yetu hata wazungu hutoka mbali kuja kuipumua."

Alikuwa anasema kweli. Kisha ikaja mashine ya kusaga mawe.

Barabara nyingi zilikuwa zinajengwa wakati huo, na mwekezaji mmoja alinunua kilima kilichokuwa juu ya shamba la dada, akaanza kupasua mawe na kuyasaga kuwa kokoto. Mwanzoni watu walifurahi. Vijana walipata vibarua, akina mama waliuza chai na mandazi langoni. Shemeji, ambaye bei ya viazi ilikuwa imemvunja moyo miaka mingi, aliandikwa kazi ya kuilisha mashine mawe. Alinunua mabati mapya ya jikoni. Dada aliwaombea wenye machimbo kanisani, tena kwa sauti.

Kiangazi kilipofika ndipo tulipoliona vumbi. Majani ya waru yaligeuka kijivu. Dada aliacha kuanika nguo nje, na mvua ya kwanza ilipoteremka kutoka paani, maji kwenye pipa yalikuwa kama uji mwepesi. Halafu akaanza kukohoa. Alisema ni homa ya baridi. Alisema hivyo msimu mzima, na msimu uliofuata, mpaka neno lenyewe likachoka.

Jumapili moja nilikwenda kuwatembelea, na baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha pamoja na watu wengine kama sita. Watoto wao walikuwa wanakohoa. Macho yalikuwa yanawasha.

"Wewe ni mtoto wetu," aliniambia, "na ndiwe uko ofisini. Waambie wafunge hiyo kitu, ama waifunike."

Dada alikuwa amesimama nyuma yao. Mume wake alikuwa akifanya kazi huko, angesema nini?

Jumatatu nilimpelekea mkubwa wangu habari hiyo. Alikuwa afisa wa afya wa siku nyingi, mtu mpole, aliyebakisha muda mfupi kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Nikueleze jinsi ilivyo," alisema. "Katiba inasema kuzuia uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti. Lakini kanuni za hewa ni za taifa. Kiwango cha vumbi kinachoruhusiwa kimewekwa Nairobi. Leseni ya yule mtu imetoka kwa taifa. Mashine ya kupimia vumbi ni ya taifa. Sisi tungekuwa na sheria yetu ya kaunti, inayoegemea hizo kanuni zao, tungeweza kumshtaki. Mswada uko. Bado haujapitishwa."

"Kwa hivyo tufanye nini?"

"Tuende tukaongee naye. Halafu tuwaombe hao wa taifa waje wapime."

Tulikwenda. Meneja wa machimbo hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha chai, akatuonyesha leseni yake iliyotundikwa ukutani, akasema kwa heshima kabisa kwamba yeye hufuata kiwango cha taifa, na kama tunadhani amekipita, tulete kipimo. Nilimwambia watu wa chini wanakohoa.

"Madam, hao wamama wanapikia nini?" aliniuliza.

"Kuni."

"Tangu wakiwa wasichana?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sasa wewe umejuaje ni vumbi langu na si moshi wao?"

Nilikumbuka jiko la dada, mafiga matatu na kuta nyeusi, mimi mwenyewe nikipuliza moto huku machozi yakinitoka. Hakuna kanuni, ya taifa wala ya kaunti, iliyowahi kuingia jikoni mle. Lakini nilijua pia kwamba dada alipika kwa kuni miaka yote kabla ya machimbo na kifua chake kilikuwa kizima. Kujua namna hiyo hakuandikwi kwenye ripoti.

Tukaomba kipimo. Tukangoja. Mashine ya kupimia ilikuwa inazunguka kaunti nyingi, na kila mahali kulikuwa na watu wanaokohoa. Kiangazi kikapita. Mwaka huo mvua za masika ziliwahi, zikaja kwa nguvu, na ilikuwa katikati ya mvua hizo ndipo nilipopigiwa simu kwamba wapimaji wako njiani, wametoka Embu.

"Si wangengoja kukauke?" nilimwuliza mkubwa wangu.

"Tukiwaambia wangoje, watakwenda kwingine, na hatujui watarudi lini."

Waliisimika mashine yao katika uwanja wa dada, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kilima. Ilikuwa kitu kidogo, kisanduku juu ya miguu mitatu, chenye mdomo wa kuvutia hewa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Juu kilimani mawe yalisagwa kama kawaida, lakini hakuna kilichopaa. Vumbi lote lilikuwa tope. Majani ya waru yalikuwa kijani kibichi, yameoshwa. Dada alitoa kiti chake nje, akajifunika kanga na gunia la plastiki, akakaa kando ya kile kisanduku mchana kutwa. Binti yake, aliyekuwa amerudi nyumbani kumwuguza, alimsihi aingie ndani. Alikataa.

Afisa aliyekuja na mashine alikuwa kijana mwenye adabu. Dada alimwita karibu.

"Mwanangu, hicho kinapima kilichoko hewani leo, ama kinapima pia kile kimeingia ndani yangu?"

Kijana aliinama ili asiongee naye kutoka juu.

"Kinapima cha leo tu, mama."

"Na leo kuna mvua."

"Ndiyo, mama. Leo kuna mvua."

"Haya," dada alisema. "Kunywa chai basi, utapata baridi."

Majibu yalipokuja, vumbi lilikuwa chini ya kiwango. Yule kijana alinipigia mwenyewe kabla ya barua kufika. Alisema ameandika kwamba kipimo kirudiwe wakati wa kiangazi, na niliisikia sauti yake ikijaribu kunifariji. Nilimshukuru. Kisha nikapanda kwenda Kibirichia kumweleza dada. Alikuwa kitandani, ameinuliwa kwa mito mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi haikutosha.

"Walisemaje?"

"Walisema siku hiyo hewa ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri kweli," alisema. "Siku hiyo nilipumua."

Kiangazi hakikumkuta. Tulimpeleka hospitali Meru mjini, akawekewa oksijeni, na daktari akatuonyesha picha ya mapafu yake na kueleza mambo ambayo shemeji hakuyaelewa. Daktari naye aliuliza habari za kuni. Aliuliza pia habari za vumbi. Alisema mara nyingi vitu hivi huja pamoja na mtu hawezi kuvitenganisha. Shemeji alikuwa akija wodini moja kwa moja kutoka kazini, kwa maana asingekwenda kazini hospitali ingelipwa na nani? Alikuwa ananawa uso na mikono kwenye bomba la nje kwa muda mrefu, lakini nyusi zake zilibaki nyeupe. Siku moja dada aliinua mkono, akampangusa nyusi kwa kidole gumba, akakitazama kidole, kisha akakifuta kwenye shuka. Shemeji aligeukia dirishani.

Dada alifariki alasiri moja, mimi nikiwa nimemshika miguu kwa sababu alisema ina baridi.

Mswada wa kaunti ulifika kwa wananchi baadaye. Sheria inataka watu waulizwe maoni, kwa hiyo tulizunguka, Muthara, kisha Kibirichia, tukisoma vifungu kwa sauti na kuvieleza kwa Kimeru. Kila mahali nilisema maneno yale yale: kiwango ni kile cha taifa, sisi hatuwezi kukipunguza, lakini sasa kaunti itaweza kukagua, kutoza faini na kusimamisha kazi. Kibirichia ukumbi wa kanisa ulijaa. Upande mmoja walikaa wakulima. Upande wa pili walikaa wafanyakazi wa machimbo, wamevaa makoti yao ya kazi, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba sheria ikipita watapoteza kazi. Shemeji alikuwa kati yao.

Watu walipigiana kelele. Kisha shemeji alisimama, na ukumbi ukanyamaza, maana wote walikuwa wamekuja kwenye mazishi ya mkewe.

"Mimi sijui habari ya kiwango," alisema. "Mimi ndiye huweka mawe kwa mashine. Najua wakati tunamwagia mawe maji, vumbi inapungua. Na najua wakati meneja anasema maji ni ghali, tunawacha. Basi wamwagie maji. Kila siku, si ile siku ya wageni peke yake. Ni hiyo tu nilikuwa nasema." Akaketi. Mtu wa kando yake, mfanyakazi mwenzake, alimwekea mkono begani.

Nilikuwa mbele, na karatasi za mswada mkononi, na nilishindwa kusoma kifungu kilichofuata. Mkubwa wangu alizichukua kwangu akaendelea.

Sheria ilipita. Machimbo yakawekewa mabomba ya kunyunyizia maji na mapazia mazito ya turubai, na upepo mkali ukivuma kuelekea kwenye nyumba, kazi husimama. Mara mbili nimewasimamisha mimi mwenyewe. Meneja hutii, anasema hata yeye afadhali sheria iwe wazi. Kipimo cha kiangazi kilifanywa hatimaye, na vumbi lilikuwa ndani ya kiwango. Mkubwa wangu, aliyekuwa ameshastaafu, alinipigia simu kunipongeza. Nilimwambia asante, nikakata simu, nikafunga mlango wa ofisi.

Mwaka jana binti wa dada, ambaye sasa ana mtoto mdogo, alitaka kujenga nyumba shambani. Baba yake alikuwa amemgawia sehemu. Tulitembea pamoja tukitazama, mtoto akiwa mgongoni mwake, mpaka tukafika pale palipo tambarare, karibu na nyumba ya zamani, chini ya kilima.

"Anti, nijenge hapa? Baba anasema umepima na ni sawa."

"Ni sawa kwa kiwango," nilimwambia.

"Hilo najua. Nakuuliza wewe."

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, shavu limelala kwenye mgongo wa mama yake. Nilisikiliza pumzi zake kwa muda. Kisha nikamshika binti mkono, nikamteremsha mpaka mwisho wa shamba, mbali kabisa na kilima, kule kwenye mteremko wa mto, mahali penye mawe na shida ya barabara, ambapo lori la mchanga haliwezi kufika na kila tofali litabebwa kwa bega.

"Jenga hapa," nilisema.

Hakuniuliza sababu. Alijenga hapo.