Viatu vya Ukutani

Watu walimwita Haing'oki, na jina alijitakia mwenyewe. Kila aliyemletea kiatu kilichoachama mdomo alimjibu vilevile: "Soli nikiibandika mimi, haing'oki." Na kweli haikung'oka. Kiatu kingechakaa juu, kamba zingekatika, mwenye kiatu angenenepa mpaka kimbane, soli ingekuwa palepale.

Alifanya kazi kwenye chumba kimoja kilichotazama barabara, yeye na wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe. Haing'oki alipaka gundi na kubandika kwenye meza ya dirishani, wifi alishona karibu na mlango. Walitaniana kutwa. Mteja aliyekuja na haraka zake alijikuta amekaa kwenye benchi saa nzima, anasikiliza mawifi wawili wakichambana kuhusu nani alimeza sindano za nani.

Mambo yalianza na kandambili. Siku moja Haing'oki alitoka kazini akafika nyumbani na kandambili ya mguu mmoja. Ya pili ilimvuka njiani asihisi. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi yangu, wenzio uzee unawaanzia kichwani, wewe umekuanzia chini." Wakacheka wote. Wiki iliyofuata akakanyaga sindano ya ngozi, akaiona damu kabla hajasikia maumivu, na siku hiyo hakucheka mtu.

Basi ikawa safari za hospitali. Sukari, haina neno. Presha, haina neno. Damu safi, picha ya kichwa safi. Daktari wa kwanza akampa vidonge vya vitamini. Wa pili akamwambia anywe maji mengi na apunguze mawazo. Mimi sina ugomvi na madaktari, lakini mtu anajikwaa kwenye sakafu tambarare unamwambia apunguze mawazo, hayo mawazo yanakaa miguuni? Mtaani nako walikuwa na vipimo vyao. Walipomwona anayumba walinong'onezana kwamba mama wa watu ameanza kupiga chupa. Hilo lilimuuma kuliko sindano, maana pombe hakuwahi hata kuionja.

Alichoogopa hakikuwa kifo. Aliogopa mikono. Ganzi ilishapanda kutoka vidole vya miguu hadi magotini, na sasa ilikuwa inamtekenya kwenye ncha za vidole vya mikono. Nyundo ilianza kumponyoka. Fundi viatu asiye na mikono ni nani? Aliliuliza swali hilo moyoni kila alipoiokota nyundo chini.

Sasa, kuna jambo moja la mwanamke huyu ambalo ndilo linanifanya nimvulie kofia. Haing'oki alikuwa anasoma soli. Ungempa kiatu chako akakigeuza, angekwambia unasimama kutwa, au begi unabebea bega la kushoto, au goti moja linakusumbua na unajikausha. Si uchawi, ni macho ya miaka thelathini. Tena, kwa miaka mitano sasa, kila mwaka alijishonea jozi moja ya viatu vyeusi, akaandika mwaka kwa ndani, na ile ya zamani akaitundika ukutani ili wateja wajionee soli iliyotembea mwaka mzima na bado imeshika.

Mchana mmoja nyundo ilimponyoka mara tatu. Akaiacha hukohuko chini, akakaa akiutazama ukuta. Miaka yote alikuwa anavitazama viatu vile kwa ajili ya gundi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alivisoma kama viatu vya mteja.

Jozi tatu za mwanzo zililika nyuma ya kisigino, upande wa nje, kama viatu vya mtu yeyote anayetembea vizuri. Jozi ya nne ilikuwa na mikwaruzo kwenye ncha. Ya tano, ncha ilikuwa imelika mpaka kwenye ngozi, kulia na kushoto sawasawa. Mwenye viatu hivi, angemwambia mteja, hawezi kuinua vidole, anaburuta miguu yote miwili. Akaangalia mwaka ulioandikwa ndani ya ile ya nne.

Ulikuwa mwaka ambao malori yalianza kupita barabara ile. Vumbi likawa linaingia dirishani na kutua kwenye gundi mbichi, na soli iliyoshika vumbi hubanduka. Haing'oki asingekubali. Aligongelea turubai dirishani, akaziba nyufa kwa matambara, akaendelea na kazi yake safi humo ndani, harufu ya gundi ikimkaa puani mpaka akaacha kuisikia. Fundi mzembe asingefanya kosa hilo. Fundi mzembe angeacha vumbi liingie, soli zing'oke, na miguu yake ibaki mizima.

"Wifi," alisema, "hebu vua viatu."

"Leo umeamua kuniibia mchana kweupe?"

"Vua."

Alivigeuza. Kwenye ncha kulikuwa na mkwaruzo mdogo, upana wa ukucha. Haing'oki, ya kwake alishaanza kuyazoea. Haya ya wifi yalimtia hofu ambayo hakuwahi kuipata tangu azaliwe.

Kesho yake walikwenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Daktari, mwanamama mwenye miwani, aliuliza: "Mama, nini kimekuleta?" Haing'oki akafungua gunia, akamwaga viatu mezani, juu yake akaweka kopo la gundi.

"Nimeletwa na hivi."

Daktari alitaka kucheka, kisha akaona uso wa mgonjwa. Alivipanga viatu kwa miaka, akavigeuza kimoja kimoja, akasoma maandishi ya kopo mpaka chini kabisa. Baadaye waliwapima wote wawili mishipa kwa mashine ya umeme mdogo, na mashine ikasema yaleyale yaliyosemwa na viatu. Baadhi ya gundi, daktari alieleza, zina kemikali ambayo mvuke wake ukivutwa kila siku ndani ya chumba kilichofungwa, unakula mishipa ya fahamu, ukianzia kwenye ile mirefu ya miguu.

"Tungekuuliza siku ya kwanza unafanya kazi gani, usingehangaika hivi," alisema. "Mwenzio tumemuwahi. Wewe itachukua muda. Na nisikufiche, hata ukiacha leo, utazidiwa miezi miwili mitatu kabla hujaanza kupata nafuu."

Haing'oki aling'oa turubai kwa mikono yake ileile isiyoshika. Meza ikahamia nje, gundi ikawa nyingine, ya maji, inayochukua siku nzima kukauka. Alibandika alfajiri kabla malori hayajaanza kupita. Miguu ikazidi kuwa mibaya kama alivyoambiwa, akatembelea fimbo. Na siku moja mteja akarudi, kiatu mkononi, akasema kwa aibu kama anayetoa habari ya msiba: "Mama, imeng'oka."

Walirudi wengine. Wifi mwenyewe akalegea. "Tufunge dirisha wiki moja tu, tumalize viatu hivi kwa gundi ya zamani, tulinde jina."

"Ukilifunga hilo dirisha, mimi na wewe basi tena," alijibu Haing'oki, na safari hii hakuwa anatania.

Mwezi wa tano tangu aache gundi ile, siafu alimng'ata kidole cha mguu. Alipiga kelele, halafu akakaa chini akalia kwa furaha, wifi akimuuliza kama na akili nazo zimekufa ganzi.

Mikono ilirudi. Mguu wa kushoto bado anauburuta kidogo mpaka leo. Mwaka ulipogeuka alimshonea wifi viatu vipya, akachukua vile vya zamani na kuvitundika ukutani, mwisho wa mstari. Soli ya kimoja, aliyoibandika upya kwa gundi ya maji, ilikuwa imeachama pembeni, kidole kingeweza kupita, lakini mkwaruzo wa nchani ulikuwa bado upana wa ukucha uleule.

Mteja mmoja alishangaa. "Haing'oki, hata kilichong'oka unatundika?"

"Huko pembeni usikutazame," alisema, akakigeuza kimwelekee. "Tazama ncha yake."