Msimamizi na Sponji ya Vyombo

Glenys wa mji wa Llanelli alirithi kwa marehemu mumewe usimamizi wa jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa kung'arisha magari. Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, alikuta wanachama wawili, Haydn na Emrys, wameshavaana. Haydn alipaka nta kwa mkono. Emrys aliamini mashine tu. Hawakutukanana, ila vijembe vyao vilimchosha.

"Nimechoka kuwaamua kama watoto," aliwaandikia. "Jumamosi njooni kwangu. Kila mmoja achukue upande mmoja wa gari langu, tuone."

Walikuja na ndoo zao, wakainama kulitazama gari.

"Emrys, ndugu yangu," Haydn akasema, "unaiona hii mikwaruzo?"

"Naiona, kaka. Mama, gari hili unaliosha na nini?"

"Na sponji ya vyombo. Kwani vipi?"

"Ya vyombo!" wakapiga ukelele kwa pamoja.

Jioni gari liling'aa kotekote. Tangu siku hiyo Haydn na Emrys wameshikana kama chanda na pete jukwaani, wakimsema msimamizi, naye Glenys hajui afute neno lipi aache lipi.