Mashuka Juu ya Nyanya

Harufu ya majani ya nyanya, ile inayong'ang'ania vidoleni hata baada ya sabuni, hunirudisha shambani kwetu nje ya mji wa Champlin, Amerika. Tulikuwa familia tano za Wayahudi kutoka nyanda za juu za Kenya. Wazazi wetu walichoshwa na fleti za mji jirani wa New Hope, wakakodi ardhi pamoja, wakajenga vijumba vitano na ghala moja, wakaanza kulima kwa ushirika. Watu waliwacheka: eti mtu avuke bahari aende Amerika kushika jembe! Wao wakajibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Msimu ule wa kwanza tumaini lote lilikuwa kwenye nyanya. Zingefaulu, kijiji kingebaki. Zingekufa, tungerudi fleti.

Ijumaa moja ya Septemba, Mama akiandaa mishumaa ya Sabato, redio ilitangaza kwamba usiku ule jalidi ingeanguka, ile baridi inayogandisha umande na kuua mimea. Jua lilikuwa linazama, na Sabato huingia jua likizama. Siku ya Sabato hatufanyi kazi, wala hatumwombi mtu atufanyie. Baba alisimama mlangoni akitazama shamba, nami nikamkasirikia Mungu waziwazi. Ndipo jirani yetu Mama Wanjiru, muuguzi na mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao, akaja kurudisha sufuria aliyoazima.

"Baba Yusufu, frost itamaliza hizi nyanya na mmekaa tu?"

"Sabato imeingia, Mama Wanjiru. Siwezi hata kukuomba."

"Na nani amesema umeniomba?" akajibu, akaondoka mbio, sufuria yetu bado mkononi.

Asubuhi shamba zima lilikuwa limevaa mashuka: ya maua, ya mistari, mapazia ya kanisa, hata majoho ya kwaya. Chini yake nyanya zilikuwa hai. Baba alilia mbele yetu bila kujificha. Jumapili kwaya iliimba bila majoho, maana sisi tulikuwa tukiyafua.

Kijiji kilidumu mpaka sisi watoto tulipokua tukatawanyika. Sasa naishi mji wa Lakeville, nina miche michache ya nyanya nyuma ya nyumba, na simu hunionya mapema kuhusu jalidi. Jirani yangu simjui hata jina; tunapungiana mikono tukiwa garini, basi. Mwaka jana, jioni ya baridi, nilimaliza kufunika nyanya zangu nikaona zake ziko wazi na nyumba haina mtu. Nikachukua mashuka mengine.

"But Mom," binti yangu akauliza, "amekuomba?"

Nikampa ncha moja ya shuka ashike, tukavuka ua.