Upande wa Mgeni

Siku moja kabla sijaondoka, mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, akanikuta nyumbani Njoro, Moshi mjini, nimekaa sakafuni nafunga begi. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mume wangu, Baba Glory, alikuwa uani anapiga randa mlango wa mteja, na Glory mwenyewe alikuwa shuleni. Mama mkwe akauliza safari hii naelekea wapi. Nikamwambia Goma, Kongo, kufuata vitenge kama kawaida yangu. Akasema redio inasema kule si shwari. Nikamjibu kwamba Kongo haijawahi kuwa shwari tangu nizaliwe, na vitenge vinatoka vilevile. Baba Glory akacheka kule uani, akasema Mchagga hata akifika mbinguni ataanza kwa kuuliza bei.

Hakukosea sana. Hata na Mungu nilikuwa napatana bei. Kila safari nilimwekea nadhiri: nikirudi salama nitafunga siku kadhaa, nitapeleka maua altareni, nitamfulia padri mapazia. Nikirudi, natimiza. Mimi na Mungu tulikuwa tumekwenda vizuri hivyo miaka mingi, na nilidhani huko ndiko kumtumaini.

Goma nilikuwa nafikia kwa Mama Esperansi. Alikuwa mjane, fundi cherehani, mwenye nyumba ndogo ya mbao. Binti yake wa pekee, Esperansi, alikuwa ameolewa Bukavu. Tulijuana sokoni, siku aliponiona nasugua kitenge kwa kidole kilicholowa nione kama rangi inatoka. Akaniambia niache kile, nichukue cha pembeni, na kweli cha pembeni hakikuchuja hata baada ya mwaka. Tangu hapo sikulala tena gesti. Yeye aliniita Mama Moshi.

Safari ile nilinunua marobota matatu ya vitenge, nikawa wa kuondoka Jumatatu. Jumapili, tulipotoka misa, tuliona watu wanaingia mjini kwa miguu, magodoro kichwani, watoto mgongoni, wala hawasemi. Walikuwa wengi, na waliendelea kuja. Mama Esperansi aliwatazama kwa muda, kisha akasema tukanunue maji na maharage.

Jumatatu magari hayakutoka.

Milio ilianza asubuhi ile, kwanza mbali, upande wa kilimani. Nilijiambia ni radi. Mchana ikawa mtaa wa pili, na hakuna radi inayojibizana namna ile.

Nyumba ya mbao haizuii risasi. Nililiamini hilo nilipoona mwanga wa jua unapita kwenye tundu jipya, juu kidogo ya kabati la vyombo.

Wazo la marobota lilikuwa langu. Vitenge vile vilikuwa vimekazwa kwa mashine, vigumu kama magogo. Tuliyasukuma yote matatu kwa magoti na mabega mpaka kwenye ukuta wa mbele. Hayakutosha. Yaliziba sehemu ya kumkinga mtu mmoja aliyelala, basi.

Nikasema tutapokezana. Mama Esperansi akakataa.

"Weye ni mugeni wangu, Mama Moshi," akasema. "Mugeni analala pale."

Nilibisha. Naandika kama ilivyokuwa: nilibisha kidogo tu, kisha nikaenda nikalala pale.

Siku mbili tuliishi chini, sakafuni, yeye ukuta wa pili na mimi nyuma ya vitenge vyangu. Simu hazikushika. Nilijua Baba Glory anapiga, na Glory anauliza mama yuko wapi. Nilitaka kitu kimoja tu, kurudi nyumbani nikiwa hai. Basi nikaanza kupandisha nadhiri. Nitafunga mwezi mzima. Nitaacha safari. Nitaacha biashara yenyewe. Nilikuwa nanong'ona, lakini chumba kilikuwa kidogo, naye alisikia.

Nikamuuliza kwa hasira kidogo yeye anaahidi nini, maana nilimwona na rozari yake, ametulia kama mtu anayesubiri chakula kiive.

"Miye sijamuuliza Mungu kama nitaona kesho," akasema. "Namuomba tu asiniachilie mukono."

Nikaona ni maneno ya mtu asiye na mtoto mdogo nyumbani.

Siku ya tatu, saa nane mchana, kukawa kimya. Kimya kirefu, mpaka tukasikia kuku wa jirani. Mama Esperansi akaketi, akavuta ungo, akaanza kuchambua maharage.

Milio ikarudi ghafla, karibu sana.

Robota la katikati lilitikisika mgongoni mwangu.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, maharage yalikuwa yamemwagika sakafu nzima.

Nilitambaa mpaka alipo. Nilimshika mkono. Alinitazama, akavuta pumzi mara mbili au tatu, kisha hakuvuta tena. Nimewahi kuulizwa maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi. Hayakuwepo.

Kesho yake majirani wanaume wawili walichimba nyuma ya nyumba, kwenye mawe yale meusi ya volkano, wakihema. Mimi nilikata robota nikatoa kitenge kizuri kuliko vyote, kile nilichokuwa nimemtengea mteja wangu wa Mawenzi, kule Moshi, nikamfunika nacho. Tulisali Baba Yetu, na kila mtu akarudi ndani upesi.

Siku iliyofuata watu wakasema mpaka unapitika. Niliyaacha marobota nikaenda kwa miguu, kati ya wanawake wengine, tukipita vitu ambavyo sitaviandika. Nilijaribu kuweka nadhiri, nikakosa cha kuahidi. Sikujua kama tutaruhusiwa kupita, wala kama barabara ile ilikuwa na mwisho. Nikajikuta nasema maneno yake, hatua kwa hatua: usiniachilie mkono. Woga haukwisha. Lakini miguu ilikubali kwenda.

Tulivuka. Upande wa pili niliazima simu ya mwanamke mmoja Mnyarwanda, nikampigia Baba Glory. Nikasema, "Ni mimi." Nikasikia analia, na nyuma yake randa inaanguka chini, nami nikakaa palepale barabarani nikalia kwa furaha kama mtoto.

Siku niliyofika Moshi ilikuwa ya raha ambayo sijui kama nitaipata tena. Glory hakuniachia gauni mpaka usiku. Mama mkwe aliniletea mtori wa ndizi na nyama, kama mzazi aliyejifungua jana, akakaa mbele yangu kuhakikisha namaliza. Alikuwa anasema "Aika Ruwa", asante Mungu, kila ninapomeza kijiko. Nililala saa kumi na nne bila kuamka. Kila asubuhi ya wiki ile nilifungua macho, nikaona dari letu la mbao, nikacheka peke yangu.

Jumuiya yetu ya kanisa ilikuja kusali nyumbani. Waliimba, wakashukuru, na mama mmoja mwenye moyo mwema akasema Mungu huwakinga wanaomtumaini. Nilikasirika. Aliyemtumaini alikuwa upande wa pili wa chumba. Mimi nilikuwa napatana bei. Ningeweza kulisema, lakini wale walikuwa wamefunga na kusali kwa ajili yangu siku zote zile, nikawaongezea chai.

Baba Glory alikuwa ameshaandikisha misa ya shukrani Kibosho. Ijumaa nilipanda mwenyewe mpaka ofisi ya parokia. Katekista ni mzee, alinifundisha komunyo. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nataka kuongeza nia nyingine kwenye misa yetu, ya kumwombea marehemu. Akafungua daftari, akauliza jina lake la ubatizo.

Nikafungua mdomo, sikuwa nalo. Nilikuwa nimekula kwake miaka, nimelala kwenye nafasi yake, nimemfunika kwa mikono yangu, na jina lake silijui. Namba ya binti yake haikupatikana wakati ule, na haijapatikana mpaka leo. Nililia pale mbele ya meza. Katekista akaweka kalamu chini, akaningoja.

"Andika Mama Esperansi wa Goma," nikamwambia mwishowe. "Mungu anamjua."

Akaandika. Kisha akauliza, kwa upole, kama ile nia ya shukrani tuifute, tubaki na hii.

Niliifikiria. Nikamfikiria Glory, na mtori, na usingizi ule wa saa kumi na nne. "Usiifute, mwalimu," nikasema. "Zote ni za kweli."

Jumapili nia zetu zilisomwa moja baada ya nyingine, ya kwangu kwanza, ya kwake ya pili, na kanisa likaitikia zote mbili kwa sauti ileile.