Rula na Mbao za Jubilei

Wasichana wenyewe ndio waliompa jina la Rula, na likamganda. Fundi seremala wa shule ya masista alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka tangu kisogoni mpaka kisiginoni, na maneno yake yalinyooka vilevile. Mwalimu akimwomba kipande cha ubao cha kukatia mboga nyumbani, Rula humjibu, "Ubao ni wa shule, mwalimu. Mboga ni zako." Kisha anaendelea na randa yake kana kwamba hakuna mtu aliyesimama pale. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, unalala mlango wazi. Kumwalika kwenye sherehe, hilo unalifikiria mara mbili.

Kazi yake kubwa ilikuja kila likizo ndefu. Shule ikishafungwa, alitoa madawati yote uani, akafungua mifuniko, akaipiga randa mmoja mmoja. Wasichana ni wasichana tu, hata wakilelewa na watawa. Mwaka mzima walikuwa wakichora kwa ncha ya bikari: majina, mioyo, hesabu ya siku zilizobaki kwenda nyumbani, sala fupi ya kuomba mwalimu wa kemia augue kidogo, asife. Rula aliyasoma yote, maana macho hayana pazia, kisha akayageuza maranda ya kuwatandikia kuku wa masista. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka thelathini na mbili.

Shule ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, Sista Mkuu alimfuata karakana. Huyu alikuwa mgeni katika cheo, mwenyewe mwalimu wa sanaa, na hotuba ndefu hazikumpendeza.

"Tumsifu Yesu Kristo, fundi."

"Milele amina, Sista. Karibu, ila angalia misumari."

Sista akaeleza shida yake. Kuna waliotaka sanamu mlangoni. Wengine walitaka picha za wakuu wa shule wote, na wageni rasmi wenye suti pembeni. Yeye alitaka kazi moja ya sanaa itakayofunika ukuta mzima wa ukumbi, iliyounganishwa kwa mifuniko ya madawati ya zamani, yenye alama walizochora wasichana wenyewe. "Shule si matofali, fundi. Ni hao waliokaa humu. Naomba unitafutie mifuniko yenye maandishi."

Rula akaweka randa chini. "Hakuna, Sista."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nimefanya kazi yangu."

Sista alicheka mpaka akashika meza. "Basi umetumaliza! Haya, maji yakishamwagika hayazoleki. Tutawaita wenyewe waje wachonge upya, na safari hii kwa ruhusa. Wewe utatuandalia mbao na patasi."

"Waliomaliza tu, Sista, au hata..." Rula alikohoa. "Hata asiyemaliza?"

"Aliyekaa kwenye dawati letu hata siku moja ni wetu," alijibu Sista, akaenda zake. Hakujua amekanyaga wapi.

Asiyemaliza alikuwa binti yake Rula mwenyewe, kifungua mimba wake. Alisoma pale miaka ishirini na moja iliyopita, na wenzake walimtania kwamba ni mtoto wa fundi, ameingizwa shuleni kwa mlango wa nyuma. Haikuwa kweli. Mtihani wa kuingia aliufaulu kuliko wengi wao. Lakini maneno yanachoma, na siku moja msichana akachukua bikari, akaandika kwenye dawati lake kwa herufi kubwa: BABA YANGU NDIYE ALIYELITENGENEZA.

Rula ndiye aliyeyaona, Jumamosi, akikusanya madawati mabovu. Randa ilikuwa mkononi. Kuipitisha mara tano tu na mambo yangekwisha, nani angejua? Lakini na yeye alikuwa amezisikia zile habari za mlango wa nyuma, na zilikuwa zimemkaa rohoni. Akaung'oa ule mfuniko, akaubeba begani, akaupeleka ofisini kwa Sista Mkuu wa wakati ule, mama mkali aliyekuwa na sheria moja isiyo na mjadala: anayeharibu dawati anarudi nyumbani wiki tatu. Mitihani ya mwisho ikaanza katika wiki hizo. Binti alikosa karatasi mbili, akaanguka, akakataa katakata kurudia mwaka. Akajifunza ushonaji, akahamia mji mwingine.

Rula alilipeleka jambo lile hata kwenye kiti cha maungamo. Padri akamsikiliza, akamuuliza, "Sasa dhambi iko wapi hapo, mzee? Umesema ukweli." Hakumpa hata malipizi ya Salamu Maria moja. Rula alitoka kanisani na mzigo wake kama alivyoingia nao.

Usinielewe vibaya, binti hakumsusa baba yake. Afadhali angemsusa. Kila Jumapili alipiga simu, na Rula akipokea, alisikia maneno yaleyale kwa miaka ishirini na moja: "Shikamoo, Baba. Mama yupo?" Basi. Heshima tupu, kama anaongea na mlinzi wa getini.

Jioni ile Rula alimweleza mkewe habari za jubilei, akamwomba ampigie binti.

"Mimi?" Mkewe aliendelea kuchambua mchele. "Nilikuwepo ulipobeba ule ubao begani? Uliubeba peke yako. Na simu ibebe peke yako."

Akaibeba. Upande wa pili cherehani ilikuwa ikilia.

"Shikamoo, Baba. Mama yupo?"

"Marahaba. Yupo, lakini leo nakutaka wewe."

Cherehani ikanyamaza. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa." Akamweleza kuhusu ukuta, mbao na patasi, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo baada ya misa.

"Mimi sikumaliza, Baba."

"Najua. Sista amesema haidhuru."

Kisha binti akasema, "Nikuulize kitu? Yale maneno ulijua yanakuhusu wewe. Kwa nini hukupiga randa tu?"

"Niliogopa watu watasema nakupendelea."

"Na wangesema, ingekuwaje?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Rula. "Nilikuwa mtoto wako, Baba. Hukunipendelea hata mara moja."

Binti akasema ana nguo nyingi za wateja, kwa hiyo tutaona, akaomba apewe mama. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu alikuwa ameshakua, anatembea.

Siku ya jubilei, baada ya misa, ukumbi ulijaa wanawake. Daktari alisimama nyuma ya muuza samaki, mhasibu nyuma ya mama aliyebeba mjukuu mgongoni, wote wanachekana jinsi walivyonenepa. Ukutani palikuwa na fremu kubwa ikisubiri mbao. Rula alikaa mezani mbele ya mstari, akigawa ubao na patasi, kila mtu kwa zamu yake. Hakimu mmoja, mwanamke wa heshima zake, alijaribu kuchomekea kwa kuwa ana safari. Rula akamtazama juu ya miwani. "Zamu, mheshimiwa." Hakimu akarudi nyuma huku wenzake wakimzomea kwa furaha.

Ndipo akamwona binti yake. Alikuwa amesimama mlangoni, gauni la kushona mwenyewe, mkoba kifuani, kama mtu aliyeleta nguo za mteja na sasa anangoja kulipwa aende. Mbele yake palikuwa na watu arobaini. Aliutazama mstari, akaitazama saa, akageuka.

Rula aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Akapita katikati ya wanawake wale, akamshika binti mkono, akamleta mpaka mbele kabisa ya meza.

"Fundi," hakimu akasema, "mimi umenirudisha sasa hivi."

"Ni kweli, mheshimiwa. Huyu ni mwanangu." Akapandisha sauti ili wote wasikie. "Nampendelea."

Binti akainamisha uso. "Baba, watu wanatazama."

"Waache watazame."

Akapekua mbao zote, akachagua ubao mpana kuliko zote, akamwekea mbele. Akamtilia patasi mkononi. Kisha akaokota kiti chake, akamkalisha, akasimama kando yake, akawaambia wale wanawake arobaini kwamba watasubiri mpaka amalize, hata kama ni jioni.