Kinyozi Aliyeona Upande Mmoja

Kinyozi alikuwa na miaka hamsini na minne siku alipomnyoa mwalimu nusu kichwa. Alimaliza, akampangusa shingo kwa brashi, akakung'uta shuka. Mwalimu hakuinuka. Alijitazama kwenye kioo, kisha akauliza kwa upole, "Fundi, na huku kushoto?"

Kinyozi alidhani anataniwa. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Ilibidi mwalimu amshike mkono na kuupitisha juu ya nywele zilizobaki ndipo akaamini, na hata hapo aliamini kwa kiganja tu.

Hospitali walisema ni kiharusi kidogo. Macho yalikuwa mazima. Kilichokufa ni kipande cha ubongo kinachopokea mambo ya upande wa kushoto. Huko hakuona giza. Hakukuwa na kitu, kama mtu asivyoona kilicho kisogoni mwake. Alikula nusu sahani akasema ameshiba, mpaka mkewe akajifunza kuizungusha. Miimo ya milango ilimgonga bega. Watu walimpa pole, naye akaitikia "nimeshapoa" kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Hakulia, hakugomba. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Mkewe ndiye aliyepata habari za jaribio. Daktari, mwanamke mdogo kuliko kifunguamimba wao, aliwaeleza bila kupamba. Wangemwekea sumaku kichwani, ipige mapigo ya kuamsha sehemu za ubongo zilizo jirani na ile iliyokufa. Huenda ingesaidia, huenda isisaidie. Baadhi ya wagonjwa wangewekewa mashine inayolia tu, isiyo na nguvu yoyote, na hakuna ambaye angejua nani kapata ipi, hata yeye daktari. Kinyozi alitia sahihi. Mkewe alimshika kidole kumwonyesha mstari ulipoanzia.

Kwa wiki sita alikwenda kila asubuhi ya kazi. Kiti chao kilikuwa kizuri kuliko vyote vya kinyozini kwake. Walimvalisha kofia ya kitambaa yenye alama ya kalamu, na kile kidude cha sumaku kikamdonoa kisogoni, ta-ta-ta, dakika ishirini. Kila Ijumaa walimpima macho. Aliweka kidevu kwenye kiegemeo, akakazia macho nukta ya katikati, na kubonyeza kitufe kila taa ndogo ilipowaka pembeni.

"Umeona?" mkewe alimuuliza kila walipotoka.

"Kidogo."

Wiki ya nne daktari aliwageuzia kompyuta. Kwenye mchoro, upande wa kushoto uliokuwa mweusi tii ulianza kuwa na madoa meupe. Mkewe alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kinyozi aliyatazama yale madoa kama anayetazama picha za harusi ya watu asiowajua.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kuweka kidevu, alisema, "Daktari, mimi sioni. Nasikia."

Akaeleza kwamba taa za kushoto zilipokaribia kuwaka, mashine ya kupimia ilitoa mlio mdogo, kama mkasi unapofunga, naye akabonyeza kwa kuusikia. Mlio wa mkasi alikuwa ameusikiliza miaka thelathini. Daktari aliandika, akamshukuru kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu. Vipimo vya wiki zote vilifutwa, na wagonjwa wengine wakaitwa kupimwa upya wakiwa wamezibwa masikio.

Nyumbani mkewe alianza kukunja nguo, akakunja shati lilelile mara mbili. "Ulikuwa unamdanganya daktari au unanidanganya mimi?"

"Nilitaka uache kuniuliza."

Hakumuuliza tena.

Mwisho wa wiki ya sita walimpima akiwa na vizibo masikioni. Kulikuwa na ufito mwembamba, chini ya katikati, upana wa kidole kinavyoonekana mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Huo aliuona kweli. Daktari alisema hawezi kujua kama ni sumaku au ni ubongo kujipatia nafuu wenyewe. Majibu hayo yangesubiri wagonjwa wote wamalize. Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Kinyozini alikuwa ameshawaachia wenzake viti. Yeye alisafisha mashine za kunyolea na kunoa mikasi, kazi ya vidole.

Miezi miwili baadaye daktari alipiga simu. Palikuwa na awamu ya pili, kama angependa. Alikubali kabla hajamaliza kuelezwa.

Mkewe alishangaa. "Ufito wa kidole tu, baba. Unarudi kufuata nini?"

Safari hii alitaka amjibu ukweli.

"Sijui," akasema. "Asubuhi napata pa kwenda."

Mkewe akamtafutia viatu.