Siku Niliyopewa Maiki

Pikapu ya anko ilikuwa bubu. Redio iliyokuja nayo ilikufa kabla mie sijaanza kidato cha kwanza, ikaacha tundu kwenye dashibodi ambamo anko alikuwa anawekaga karanga na leso. Spika ya mlango wa kushoto ilichanika, na ulipokuwa bado unaiwasha ilikoroma kama mtu anayekabwa koo. Anko ni mdogo wake mama, mtu wa Songea, kanisani kila Jumapili, na kazi yake ni kuku. Anawachukua Bunju, anawazungusha Goba mtaa kwa mtaa, na tangazo lake lilikuwa kichwa chake mwenyewe nje ya dirisha: "Kukuuu! Kuku wa kienyejiii!" Ikifika saa sita mchana koo limekwisha, anabaki kuwanyanyua kuku kwa miguu na kuwaonyesha wateja bila neno, kama mtu anayetishia kuwarusha.

Ndipo akaamua: redio mpya, spika mpya za milangoni, na tarumbeta la matangazo juu ya kebini, lile la bati lenye mdomo kama ua la boga. Na mie nikapewa cheo cha mtangazaji. Hakuna aliyebisha. Mdomo wangu unajulikana. Shuleni niliwahi kujificha chini ya dirisha la kidato cha pili nikaigiza sauti ya mwalimu wa nidhamu, darasa zima likasimama na kuuamkia ukuta shikamoo. Nilichapwa fimbo sita. Nilizipokea nikicheka, akaongeza ya saba kwa ajili ya kicheko. Hiyo ya saba ndiyo iliyonitoa ngozi, na mie nikaizungusha bweni zima kama medali.

Basi Jumamosi moja tukaenda Temeke, kwenye mtaa wa magereji wanakofunga miziki ya magari. Mtaa ule una utaratibu wake. Duka lina spika nne ukutani na mwenye nalo anakuapia ana kila kitu. Hana. Ukitaja asicho nacho anakwambia, "Kaa hapo mzee, kiko stoo," halafu anamkonyeza winga. Winga hana duka. Ana miguu. Anatoka mbio, anakichukua kwenye duka la mtu mwingine, anarudi amekikumbatia kifuani kabla mteja hajaghairi. Winga anayetembea atalala njaa. Kwa hiyo siku nzima pale kuna wanaume wazima wanakimbia na maboksi ya vitu visivyo vyao, na wenyeji hawageuzi hata shingo.

Winga wetu alikuwa wa rika la anko, mwembamba, raba ya kulia nyeupe na ya kushoto nyekundu. Fundi alikuwa mzee mwenye pamba masikioni.

"Shikamoo fundi," nikasema.

"Marahaba. Mnataka besi au mnataka maneno?"

"Maneno," anko akasema.

"Besi," nikasema mie.

"Gari la nani?"

"La kwangu," anko akasema.

"Basi huyu ni abiria. Anyamaze."

Redio ya kwanza ilikuwa na taa za rangi zote, inawaka kama harusi, lakini sauti yake nyuki ndani ya chupa. Ya pili fundi akaifunga na spika pana kama sinia, akaweka muziki wa singeli. Besi ilinipiga ngumi ya tumbo. Naapa, ilinipiga. Misumari ikacheza ndani ya kopo, kioo cha pikapu kikatetemeka, anko akashika kifua kwa mikono miwili.

"Zima! Hii itaniulia kuku."

"Kuku hawafi kwa muziki, anko. Wanakufa kwa kisu, na kisu unacho wewe."

Winga akacheka. "Dogo, huo mdomo unahitaji amplifaya yake peke yake."

"Na wewe raba zako zinahitaji kutambulishana."

Nilidhani nimemmaliza. Akanitazama taratibu kuanzia chini hadi juu. "Huyu akizama baharini," akamwambia fundi, "msimtafute na ngalawa. Mdomo utabaki juu unaelea, unauliza njia ya kurudi Goba."

Wote wakacheka. Anko akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso ya karanga. Nilitafuta jibu nikalikosa, na hilo halijawahi kunitokea. Likanikaa kooni kama mfupa.

Redio ya tatu ilikuwa nyeusi tu, haina mbwembwe, ina tundu la maiki. Mtangazaji wa habari akasikika kama amekaa katikati yetu. Anko akaikubali hapo hapo. Tarumbeta likafungwa kwa kamba juu ya kebini, mdomo umeelekea barabarani. Likabaki jambo moja: amplifaya ya kulisukuma. Fundi alikuwa na yake chakavu ya kujaribia, si ya kuuza. "Ya kuuza iko stoo," akasema, akakonyeza. Winga akachomoka.

Fundi akaunga ile chakavu, akanipa maiki. "Sema chochote, tusikie."

Watu wote husema haloo haloo, moja mbili. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa pikapu, maiki mkononi, mfupa bado kooni. Ng'ambo ya barabara winga akatoka kwenye duka la mama mmoja muuza spika, boksi kifuani, kichwa chini, raba nyeupe, raba nyekundu, nyeupe, nyekundu. Jibu langu likaja.

"Mwizi!" nikasema kwa sauti ya taarifa ya habari. "Mwizi huyo! Huyo wa boksi! Kamateni!"

Nisidanganye. Kwa sekunde moja niliipenda. Ilitoka safi, mtaa mzima, kila herufi. Maneno, si besi.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa kijiweni pale kona alinyoosha mguu bila hata kushuka kwenye pikipiki. Winga akaruka na boksi lake, akaangukia viwiko. Angeweza kuinuka na kukimbia. Akainama kuokota boksi, maana lilikuwa mzigo wa watu. Helmeti ikamshukia kisogoni. Pigo lilisikika kama nazi inayopasuka.

Wale mawinga na wenye maduka walishangaa tu, lakini barabarani hakukuwa na wao peke yao. Kulikuwa na abiria, wapita njia, vijana wa kijiweni, na neno lile halihitaji shahidi. Walikuja kutoka pande ambazo sikujua kama zina watu. Mmoja ana spana. Mmoja ana ubao wenye misumari. Mama muuza chipsi aliacha mafuta yanachemka akaja na mwiko wa chuma. Mtoto mwenye begi la madrasa alitafuta jiwe, akakosa kubwa, akarusha dogo.

"Mimi winga!" alikuwa anapiga kelele. "Mimi winga wa hapa!"

"Kila mwizi ana cheo," mtu akamjibu, akamkanyaga mdomo.

Fundi alikimbilia mle akaburutwa nje kwa kola, pamba moja imetoka sikioni. Mama mwenye duka alipasua umati akisema mzigo ni wake na kampa mwenyewe. Akapigwa kiwiko cha pua, akakaa chini katikati ya barabara akiishika. Nikasikia mguu wa winga unavunjika. Tulikuwa mbali kidogo na kelele zilikuwa nyingi, lakini niliusikia, mkavu, kama kuni.

Halafu mtu akasema, "Tairi."

Mtaa wa magereji hauna shida ya tairi. Walilitoa kwenye rundo la fundi mwingine, wakaanza kulibingirisha, na nyuma yake kijana ana chupa ya petroli imejaa nusu. Lilipita mbele ya pua ya pikapu yetu. Ningeweza kuligusa.

Maiki ilikuwa bado hai. Nilikuwa nasikia pumzi yangu mwenyewe juu ya kebini, nzito kama ya ng'ombe, inasambaa mtaani. Nilijua la kusema. Nilijua pia nikilisema wataniacha vipi. Toka tairi liliponipita hadi lilipokaribia miguu ya winga ni kama hatua kumi na tano, na hatua zote hizo nilinyamaza. Mie. Ambaye sijawahi kunyamaza hata kwenye sala ya kimya.

"Jamani si mwizi," nikasema mwishowe. "Nilikuwa natania."

Hawakugeuka. "Anamtetea mwenzake huyo!" mmoja akasema, wakaendelea. Nikaelewa kitu ambacho sikufundishwa darasani: hawakuwa na haja ya kujua nani si mwizi. Walishapasha misuli. Walitaka mtu.

Winga alikuwa amefumba macho. Mikono yake bado imelizunguka boksi.

"Mwongo ni mie!" Sauti ikanipasuka katikati. "Niko hapa! Kwenye pikapu nyeupe! Mwenye fulana ya njano! Mwacheni, njooni huku!"

Wakaja.

Sikumbuki nani alitangulia. Nakumbuka kitu cha chuma kikifika mdomoni na ladha yake kabla ya maumivu. Jino la mbele lilikwenda upande wa tumboni; sijaliona tena na sikulitafuta. Maiki ilinyang'anywa nikapigwa nayo, na tarumbeta likawa linatangaza: du, du, du, kichwa changu kwa mtaa mzima. Mtu alinivuta nywele, mwingine mguu, wakawa hawajakubaliana.

Ndipo nikamsikia anko. Hajawahi kunigusa tangu nizaliwe. Yeye ndiye aliyekuwa ananificha nyuma ya mgongo wake kila mama aliposhika mwiko. Alichomoa mkanda suruali ikabaki inashikiliwa na Mungu, akapita katikati yao akipiga yeyote aliyekaribia.

"Tokeni! Huyu wa kwangu! Mtoto wa dada yangu! Namuua mimi, kwa mikono yangu!"

Akaniangusha kifudifudi kwenye lile vumbi la oili na kunichapa kwa upande wa chuma. Si kuigiza. Mgongo ulifunguka. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wakatengeneza duara, maana mtu akiadhibu wake huingilii.

Anko akainama kama anayenikaba. "Lia," akaninong'oneza sikioni, anahema. "Lia kwa nguvu, mpumbavu wewe, watatuua."

Nikalia. Sikuhitaji kuigiza chochote. Akaendelea, akilia na yeye, mpaka yule yule kijana wa petroli akamshika mkono.

"Inatosha mzee wangu. Utaua mtoto."

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama wa chipsi alirudi kukuta viazi vyake vimeungua, akalaani.

Tulimpakia winga nyuma, kati ya matenga ya kuku. Hospitali ilitaka kwanza karatasi ya polisi, kwa hiyo tukaenda polisi na damu inachuruzika kwenye bomba la moshi, kuku wanapiga kelele za kufa. Askari akaja na kalamu mpaka kwenye pikapu.

"Nani kakupiga?"

"Wananchi," winga akasema.

"Na nani aliita mwizi?"

Winga alikuwa na jicho moja linalofunguka. Akaligeuzia kwangu. Nikasema, "Mie," lakini kwa midomo ile lilitoka povu la damu tu.

"Na huyu kafanywa nini?"

"Amepigwa na mjomba wake," anko akasema, ameshika suruali.

Askari akarudi kwa winga. Akasubiri. Winga akavuta pumzi kwa shida, mbavu zilikuwa zinamzuia.

"Niliitiwa kwa nyuma, afande, sikumwona," akasema. "Nilikuwa nakimbia."

Hajanisamehe, mtu asijidanganye. Anko alipompelekea supu mara ya tatu, mie nyuma yake na pengo langu, winga akauweka ule mguu wa plasta juu ya stuli na kuuonyesha kwa kijiko.

"Wateja wangu wanachukuliwa. Mzigo haukimbii wenyewe. Shule inafungwa lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili," nikasema.

"Mguu huu ni wako, basi. Wa nyumbani kwenu wasinipe pole. Nipeni miguu."

Anko akasema sawa kabla sijafungua mdomo. Siku hizi naufungua polepole.

Pikapu ilipata redio, ile ya taa za harusi, haina tundu la maiki. Tarumbeta lilifunguliwa, likabaki kwa fundi. Anko amerudi kutoa kichwa dirishani.

Siku ya kwanza ya likizo niliripoti Temeke. Winga alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi, magongo pembeni, raba nyekundu moja mguuni. Fundi akakonyeza, na mkonyezo ukaja kwangu. Nikavuka barabara mpaka kwa yule mama. Pua yake ilipona ikiwa imepinda. Nikamwamkia, akanikabidhi boksi la spika, hakusema marahaba.

Nikatoka na boksi kifuani. Nikatembea. Kijiweni pale kona walikuwa wale wale, pikipiki zile zile, na mmoja akageuza shingo kunitazama. Mgongo wote ukasisimka, kila kovu na lake.

"Kimbia!" winga akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Mteja anaondoka!"

Nikaongeza hatua.

"Nimesema kimbia, dogo!"

Nikakimbia. Kichwa chini, boksi limenibana kifua, masikio yote mawili nyuma, nikisubiri neno moja kutoka kwa mtu yeyote mwenye mdomo. Barabara ile ni pana kuliko inavyoonekana ukiwa umesimama.

Nikafika, nikamwekea boksi mapajani. Akalifungua, akaitazama spika, hakunitazama mie.

"Umechelewa," akasema. "Na mteja anataka nyeusi. Rudisha."